Pingili Iliyoteleza Kiunoni: Apasuliwe au Asipasuliwe?



Baada ya kumhimidi Mola wetu na kumswalia Mtume wake, twaingia katika suali tulilolipokea kutoka kwa dada mmoja msomaji wetu. Mama yake, mwenye umri wa miaka 71, ameambiwa na daktari kwamba pingili moja ya kiunoni imeteleza mbele na huenda ikabidi apasuliwe na kutiwa vyuma. Nyumba imegawanyika. Kaka mkubwa ataka mama asafirishwe India upesi iwezekanavyo. Wa pili asema huo ni uzee tu, na uzee hauna dawa. Wa tatu amekwisha kumwita mkandaji. Mama mwenyewe, kwa maelezo ya dada huyu, hajaulizwa na mtu.

Sisi si matabibu, na hatutamwamulia mtu tusiyemwona. Lakini jambo hili lina elimu iliyokusanywa kwa miaka mingi, na ni haki ya kila familia kuijua kabla ya kuuza kiwanja au kumfungia mzazi chumbani.

Tuanze na maradhi yenyewe. Uti wa mgongo wa mwanadamu umepangwa kwa pingili zilizopandana, na tano kati yake ziko kiunoni. Baina ya pingili na pingili pana mto wa gegedu unaopokea uzito, na nyuma yake pana viungo vidogo viwili vinavyoizuia pingili ya juu isiteleze juu ya ile ya chini. Katikati hupita mfereji wenye mishipa ya fahamu iendayo miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Miaka ikipita, mto hukauka na kusinyaa, viungo vile hulika, na kano hulegea. Pingili ya juu ikapata nafasi ya kusogea mbele. Aghalabu huwa ni ya nne juu ya ya tano. Mtelezo wa namna hii huwapata zaidi watu waliopita miaka 50, na wanawake kuliko wanaume kwa tofauti kubwa. Mara nyingi hausogei mbali: madaktari huupima kwa madaraja, na daraja la kwanza ni mtelezo usiozidi robo ya upana wa pingili. Wazee walio wengi wamo humo.

Jina lake la kitabibu, spondilolisthesisi, limetokana na Kigiriki na maana yake ni kuteleza kwa pingili. Alilitunga Mjerumani Kilian mwaka 1854, ingawa mkunga tabibu wa Ubelgiji, Herbiniaux, alikwisha kuieleza hali yenyewe mwaka 1782 alipoona mfupa uliojitokeza ukimzuilia mama asijifungue. Mtelezo wake ulikuwa wa aina nyingine, wa watu wenye umri mdogo. Huu wa wazee ulipambanuliwa vyema katika karne ya 20 tu.

Sasa, si kila aliyetelezewa na pingili huumwa. Wapo wengi wanaotembea nao bila kujua, mpaka siku wapigwe picha ya eksirei kwa sababu nyingine. Kinachomletea mtu taabu ni kubanwa kwa ule mfereji. Na dalili yake ina sura maalumu ambayo mtu wa msikitini anaweza kuitambua mapema kuliko mwengine yeyote. Mzee husimama katika sala, na kabla imamu hajamaliza sura, makalio na mapaja huanza kuwaka, miguu ikawa mizito, vidole vikafa ganzi. Imamu akenda rukuu, mzee akahisi raha. Akiinuka katika itidali, maumivu yamrejea. Siri yake ni kwamba mtu akisimama wima mfereji ule huwa mwembamba zaidi, na akiinama mbele hupanuka kidogo na mishipa ikapumua. Ndiyo maana mama huyo huyo asiyeweza kutembea kutoka nyumbani hadi sokoni bila kuketi mara tatu barazani kwa watu, ukimpa toroli ya supamaketi aiegemee, ataizunguka supamaketi nzima.

Twalisisitiza hili kwa sababu wazee wetu wengi wana kisukari na shinikizo la damu, na maumivu ya miguu yana wazazi wengi. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba naye huumwa akitembea, lakini yeye husimama tu pale pale na maumivu yakamwondoka. Halazimiki kuketi wala kuinama. Mwenye neva zilizoharibiwa na kisukari, nyayo humchoma hata usiku akiwa amelala. Na mtu mmoja aweza kuwa na yote matatu. Daktari asiyemshika mzee miguu kutafuta mapigo ya damu, akaitazama picha peke yake na kupanga tarehe ya kisu, basi nendeni kwa daktari wa pili.

Turudi kwa kaka wa pili, aliyesema uzee hauna dawa. Bila shaka ameikusudia hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik, ambapo mabedui walimuuliza Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kwamba hakuna maradhi yasiyokuwa na dawa ila uzee. Lakini angalieni jinsi ilivyogeuzwa. Hadithi ambayo msingi wake ni amri ya kujitibu, watu wameishika kwa mkia, wakaufanya ule uzee uliotolewa nje kuwa kapu la kutupia kila ugonjwa wa mtu mwenye mvi. Jicho lenye mtoto wa jicho ni uzee? Mbona twalitibu? Miaka hairudi nyuma, na mto wa gegedu uliokauka hautarudi kuwa wa msichana. Ama mshipa uliobanwa na mfupa, huo ni mshipa uliobanwa, uwe wa mtu wa miaka 40 au 80.

Hata hivyo kaka mkubwa naye, aliyekwisha kuulizia tikiti, hana haja ya kukimbia. Huko Japani waganga waliwafuatilia wagonjwa 145 wasiopasuliwa kwa muda wa miaka 10 au zaidi. Karibu thuluthi moja tu ndio ambao pingili ilizidi kuteleza, na wengi wa wale ambao mwanzo hawakuwa na udhaifu wa neva waliendelea bila ya udhaifu. Waliokuwa tayari na miguu inayokataa kutembea au taabu ya mkojo, na bado wakakataa kupasuliwa, ndio ambao wengi wao hali zilizidi. Kwa hiyo mwenye maumivu ya kiuno peke yake, au ya miguu yanayovumilika, ana wakati wa kutosha kujaribu mengine.

Na ya kujaribu yapo. La kwanza ni mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu wake, yenye kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo. Baiskeli isiyokwenda huwafaa wengi kwa kuwa mwendeshaji huinama mbele. Kupunguza uzito ni gumu kwa mtu asiyeweza kutembea, lakini kila kilo huhesabika. Dawa za kutuliza maumivu zina mahali pake, ila tunaomba sana wasomaji wasiwanunulie wazee vidonge vya diklofenaki dukani mwezi baada ya mwezi, kwani huvila vidonda matumbo na huumiza figo, hasa za mwenye shinikizo la damu. Sindano ya dawa ya steroidi karibu na mshipa huweza kuleta nafuu ya wiki kadhaa. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari yake itapanda kwa siku chache. Kuhusu mkandaji: kukanda misuli kwa mafuta kwa mkono mwepesi hakuna ubaya, na kuumikwa ni sunna inayojulikana. Mtu kumpandia mama wa miaka 71 kwa goti mgongoni ili “pingili irudi” si tiba. Pingili hairudi kwa goti, na mifupa ya wanawake wa umri huo aghalabu imekwisha kuwa myepesi kama kifuu kikuukuu.

Iwapo miezi mitatu hadi sita imepita katika juhudi hizo, na mzee bado hawezi kufika msikitini, hawezi kusimama jikoni, hawezi kuwatembelea jamaa zake, hapo upasuaji huwa na hoja. Mwaka 2007 zilichapishwa Marekani natija za uchunguzi mkubwa uliofanywa katika vituo 13, ukiwa na wagonjwa 607 wenye mtelezo huu wa uzeeni pamoja na mfereji uliobanwa. Wagonjwa walihamahama sana kutoka kundi walilopangiwa, jambo lililowatatiza wenye kuhesabu. Walipotazamwa kwa tiba waliyoipata hasa, waliopasuliwa walikuwa na nafuu kubwa zaidi ya maumivu na utendaji kuliko wasiopasuliwa, na nafuu hiyo ilikuwapo bado baada ya miaka minne. Wasiopasuliwa nao, kwa wastani, walipata nafuu kidogo.

Hapa ndipo penye suali ambalo familia nyingi hazijui hata kulipo: apasuliwe upasuaji gani? Maana kuna mawili. Wa kwanza ni kuondoa mbano peke yake. Daktari hukata sehemu ya upinde wa mfupa wa nyuma na kano iliyonenepa, mfereji ukapanuka, mishipa ikawa huru, kisha hufunga. Wa pili huongeza juu ya huo kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja: huweka vipande vya mfupa wa mgonjwa mwenyewe baina yake, na mara nyingi huzikaza kwa skrubu na fimbo za chuma ili zisitikisike mpaka zishikane, jambo linalochukua miezi. Huo wa pili ni mrefu zaidi, damu inayomwagika ni nyingi zaidi, siku za kulazwa huongezeka, na bei yake hupanda sana kwa sababu ya vyuma.

Kwa muda mrefu kuunganisha kulihesabiwa kuwa ndiyo njia ya haki. Mwaka 1991, Herkowitz na Kurz wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 50, na waliounganishwa walikuwa bora. Mwaka 1997 wengine wakaonyesha kwamba skrubu huongeza idadi ya wanaoshikana mifupa, lakini baada ya miaka miwili wenye skrubu hawakuwa na maumivu machache kuliko wasiokuwa nazo. Hilo lingepasa kuwatia watu shaka mapema. Haikuwa hivyo, skrubu zikazidi kuuzwa duniani. Ndipo mwaka 2016 zikatoka tafiti mbili kwa pamoja. Ya Uswidi, yenye wagonjwa 247 wa miaka 50 hadi 80, baadhi yao wenye mtelezo na wengine bila, haikuona faida yoyote ya kuongeza kuunganisha. Ya Marekani, yenye wagonjwa 66, iliona faida ndogo katika afya ya mwili kwa jumla, na ikaona kwamba katika miaka minne waliorudi kupasuliwa tena walikuwa 14 kwa mia upande wa waliounganishwa, na 34 kwa mia upande wa walioondolewa mbano tu. Wanavyuoni wa tiba wakakhitilafiana, kama wanavyokhitilafiana wetu.

Mwaka 2021 wakaja Wanorwe na wagonjwa 267 kutoka hospitali 16, wote wenye mtelezo. Baada ya miaka miwili, walioondolewa mbano tu na kupata nafuu ya maana walikuwa takriban 71 kwa mia. Waliounganishwa, 73 kwa mia. Waliohitaji kisu cha pili walikuwa 12.5 kwa mia na 9.1 kwa mia. Yaani kwa mzee wa kawaida mwenye mtelezo mdogo usiocheza, kilicho kidogo kilimtosha kama kilicho kikubwa. Kuna wasiofaa kwa kidogo: ambaye picha za kuinama na kujinyoosha zaonyesha pingili yake yaenda na kurudi, ambaye mtelezo wake ni mkubwa, au ambaye mfupa umeporomoka ukaubana mshipa pale unapotokea ubavuni. Hawa wana haki ya vyuma, na daktari aeleze ni kwa nini.

Kwa hiyo, dada yetu, mnapoketi mbele ya daktari bingwa muulizeni: je, amempiga picha akiwa amesimama, na akiwa ameinama? Mwahitaji kuunganisha, au kuondoa mbano kwatosha? Mwenyewe amefanya kazi hii kwa wazee wangapi? Na muulizeni maumivu gani yataondoka, kwa sababu hapa ndipo watu hulaumiana baadaye. Upasuaji huu huondoa maumivu ya miguu kuliko unavyoondoa maumivu ya kiuno. Mama ambaye taabu yake kubwa ni kiuno, akaahidiwa miujiza, ataamka na kiuno kile kile na kovu juu yake.

Madhara yasifichwe. Utando mwembamba unaoifunika mishipa huweza kuchanika na maji yake kuvuja. Kwa kawaida hushonwa papo hapo. Kidonda huweza kutunga usaha, zaidi kwa mwenye sukari isiyodhibitiwa, basi sukari irekebishwe wiki kadhaa kabla na si usiku wa kuamkia siku yenyewe. Damu huweza kuganda mguuni na kwenda mapafuni, ndiyo maana wauguzi humwinua mgonjwa atembee mapema hata akilalamika. Skrubu huweza kulegea katika mfupa mwepesi, hivyo unene wa mifupa upimwe kabla. Pingili jirani ya zile zilizounganishwa hubeba mzigo mpya na baada ya miaka yaweza kuchoka nayo. Mvuta sigara mifupa yake hushikana kwa tabu. Na babu asiyetaka kuiacha sigara kwa ajili ya watoto huenda akaiacha kwa ajili ya mgongo.

Liko moja ambalo kwetu huleta fitina. Mzee akizinduka kutoka nusukaputi huweza kuweweseka kwa siku kadhaa: akaita waliokufa, akavua mpira wa mkojo, akamtukana binti anayemwuguza. Jamaa hukimbilia kusema amepagawa, na tumeona kombe likiletwa wodini kwa siri. Hali hii yajulikana kitabibu, huwapata wazee wengi baada ya upasuaji wowote mkubwa, na aghalabu huondoka. Mvisheni miwani yake, mwekeeni kifaa chake cha masikio, akae naye mtu anayemfahamu, mmwambie leo ni siku gani, taa izimwe usiku alale. Mkimsomea Qur'ani kwa sauti anayoijua, ni kheri juu ya kheri. Dalili ikizidi aambiwe daktari, kwani huenda ni usaha au ukosefu wa maji mwilini.

Umri peke yake si kizuizi. Wapo wa miaka 80 waliopasuliwa na kunufaika. Kinachotazamwa ni moyo, mapafu, figo, akili na uwezo wa kutembea kabla. Kuhusu gharama, ulizeni mapema na kwa maandishi ni kiasi gani bima ya jamii ya SHA italipa, na kama vyuma vimo ndani au ni juu yenu, kabla ya kuitisha mchango wa ukoo. India wapo mabingwa, na Mombasa na Nairobi pia wapo. Mnaomsafirisha mzee mbali kumbukeni kidonda huhitaji kutazamwa baada ya kurudi, na daktari aliyeko ng'ambo ya bahari hawezi kukitazama.

Iko hali moja isiyongoja mashauri wala harambee. Mzee akishindwa kukojoa ghafla, au haja ikamtoka bila kujua, au akafa ganzi sehemu ile mtu anayoikalia tandikoni, au miguu yote miwili ikalegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mishipa ya mwisho wa uti imebanwa, na kila saa inayopita yapunguza matumaini ya kurudi.

Na mama aulizwe. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye idhini juu ya mwili wake, katika sheria yetu na katika sheria ya nchi. Wana watatu wakikhitilafiana sebuleni, hakuna kati yao atakayelala juu ya meza ile. Huenda akasema kwamba kwake kuketi barazani mara tatu njiani si shida, na hataki kisu. Huenda akasema amechoka, na atakubali hatari yote ili asimame tena na wenzake. Yote mawili ni majibu ya mtu mwenye akili, na wajibu wa watoto ni kumweleza aliyoyasema daktari kwa lugha anayoifahamu, pasi na kumtisha wala kumghilibu.

Limebaki la ibada, ambalo twaulizwa zaidi. Aliyebanwa mishipa asijitese. Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, Mtume alimruhusu asali amesimama, akishindwa aketi, akishindwa alale ubavu. Anayeweza kusimama kwa takbira na Fatiha asimame kadiri hiyo, kisha aketi. Tarawehe ni sunna, na kuiketia kwafaa hata kwa mzima, sembuse mwenye udhuru, ambaye thawabu yake haipungui. Akiwa mwenye kwenda Umra, tawafu na sai kwa kiti cha magurudumu ni sahihi kwa mwenye udhuru.

Baada ya kupasuliwa, daktari huweza kumkataza kuinama kwa wiki kadhaa, na zaidi kama ameunganishwa. Katika muda huo asali kwenye kiti, arukuu kwa ishara ya kichwa, na sijida aiinamishe zaidi kidogo kuliko rukuu. Asiwekewe mto wala meza ya kusujudia. Bendeji ya mgongoni haimzuilii udhu, kwa kuwa mgongo si katika viungo vya udhu. Siku ya upasuaji wenyewe, ambao huweza kuchukua saa nyingi, akiingizwa chumbani baada ya adhana ya adhuhuri asali kwanza. Akiingizwa kabla yake na akahofia kuzinduka jua limekwisha kuzama, hana sala ya kutanguliza, kwani wakati haujaingia, akizinduka atalipa. Ama kukusanya sala mbili kwa sababu ya ugonjwa, kauli mashuhuri katika madhehebu yetu ya Shafi ni kuzuia, lakini imamu Nawawi aliitia nguvu kauli ya kuruhusu, na mgonjwa aliye na mpira wa mkojo na maumivu makali akiifuata hatumlaumu.

Wabillahi tawfiq.